Maharage ya kikapu, kundi la damu, na protini zilizovaa sukari

Chukua maharage mekundu, yaloweke usiku kucha, yachemshe dakika mbili tatu, kisha sufuria uifungie kwenye kikapu cha kupikia bila moto hadi jioni. Huenda ukayakuta yamelainika kiasi cha kupondeka kwa vidole. Ukiyala hivyo, saa moja hadi tatu baadaye unaweza kuanza kutapika, na kuhara kukafuata. Maharage hayajachacha, na dawa ya ghalani haihusiki. Kilichokushika ni protini ya maharage yenyewe, ambayo kazi yake ni kung'ang'ania sukari, na utando wa utumbo wa binadamu umefunikwa na sukari kila mahali.

Sukari ninayoizungumzia siyo ya kwenye chai. Seli zetu na za mimea huvisha protini zao matawi ya vipande vya sukari: manosi, galaktosi, fukosi, asidi ya sialiki na ndugu zake, kimoja kimeunganishwa na kingine, mengine yamegawanyika kama panda ya manati. Protini iliyovaa matawi hayo ndiyo glikoprotini. Protini nyingi zinazokaa juu ya seli au zinazomwagwa kwenye damu zimevaa kitu cha namna hiyo. Albumini, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote kwenye majimaji ya damu, ni ya ajabu kidogo kwa kutembea bila vazi.

Jambo la kushika mapema ni kwamba jeni huandika protini, haiandiki sukari. Seli ikiwa inatengeneza protini hutafuta alama kwenye mnyororo wake: asparajini, ikifuatwa na asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Ikiiona, mara nyingi hubandika hapo kifurushi cha vipande 14 kwa mkupuo mmoja, yaani asetili-glukosamini 2, manosi 9 na glukosi 3. Baada ya hapo vimeng'enya hukata huku na kuongeza kule, na kila aina ya seli ina vimeng'enya vyake. Protini ileile ikitengenezwa na hamira, na jani la tumbaku, na ini la mtu, itatoka na mavazi matatu tofauti. Kuna pia matawi mafupi yanayobandikwa moja kwa moja kwenye serini au threonini, bila kifurushi. Hayo yatajitokeza kwenye kipimo cha mimba.

Kwa hiyo kila ninapokutana na glikoprotini huuliza maswali mawili: ni seli gani iliyoivisha, na ni nani anayelisoma vazi hilo?

Kwenye maharage, msomaji ni protini inayoitwa fitohemaglutinini. Yenyewe pia ni glikoprotini, ina vipande vinne vilivyoshikana, na kila kipande kinaweza kushika tawi la sukari. Ikifika kwenye utumbo mwembamba bila kuharibika hujibandika juu ya seli za utando na kuvuruga vile vinyweleo vinavyofyonza chakula. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumuumiza mtu mzima. Habari njema ni kwamba hali hiyo huwa haidumu; wengi hupata nafuu ndani ya saa chache bila dawa zaidi ya kurudisha maji mwilini.

Nguvu yake hupimwa kwa vizio vya kushikamanisha seli nyekundu. Maharage mekundu mabichi huwa na vizio 20,000 hadi 70,000. Yakiiva sawasawa hubaki 200 hadi 400. Maharage meupe ya aina hiyohiyo yana kama theluthi moja tu ya nguvu ya mekundu. Yakichemka kwa nyuzi 100 kwa dakika 10, protini hiyo hukunjuka na haikunjiki tena. Lakini kwenye nyuzi 75 au 80 haikunjuki. Vipimo vimeonyesha kwamba maharage yaliyopashwa joto bila kuchemka yanaweza kuwa na nguvu hadi mara tano kuliko mabichi. Ndiyo maana kikapu, ambacho ni kifaa kizuri sana cha kuokoa mkaa, kina mtego huu mmoja. Ndani yake joto haliongezeki, linashuka tu polepole. Kama protini haikuvunjwa kabla sufuria haijaingia kikapuni, haitavunjikia humo.

Utaratibu salama ni kuloweka angalau saa tano na kuyamwaga maji ya kulowekea, kwa sababu sehemu ya lektini (ndiyo hiyo protini inayoshika sukari) hutoka nayo. Weka maji mapya, subiri yachemke kwa kutokota kweli (siyo kutoa moshi tu), na kuanzia hapo hesabu. Pwani dakika 10 za kutokota zinatosha kwa kanuni, ingawa mimi sifanyi ubahili wa dakika 20 zaidi. Nairobi na Mbeya ni habari nyingine: kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na zile dakika 10 zilipimwa kwenye nyuzi 100. Huko hesabu nusu saa, au tumia sufuria ya presha, ambayo hupita nyuzi 110 hata ukiwa mlimani. Baada ya hapo yafungie kikapuni upendavyo.

Ulaini usikudanganye, hasa ukitia magadi. Magadi hulegeza ganda na kuta za punje mapema, na mpishi hudhani kazi imekwisha. Kinachoivunja lektini ni joto la kutokota na muda wake.

Mtego wa pili uko kwenye unga wa lishe. Wapo wanaokaanga maharage makavu kidogo, wakasaga pamoja na mahindi na karanga, kisha wakapika uji dakika tano kwa mtoto. Joto kavu huivunja lektini kwa shida kuliko joto la maji, na uji mzito hautokoti sawasawa. Juu unaruka mapovu, katikati bado haujafika. Afadhali kuloweka, kuchemsha nusu saa, kuanika hadi yakauke kabisa, ndipo kusaga.

Protini hizi za mimea zinazoshika sukari huitwa lektini, na zilijulikana kwanza kupitia mbegu ya mbarika, au mnyonyo kama wengine wanavyouita. Mwaka 1888 Hermann Stillmark, akiwa Dorpat (leo Tartu, Estonia), aligundua kwamba maji ya mbegu hizo hushikamanisha seli nyekundu za damu. Alichokuwa nacho kilikuwa na risini, sumu ambayo nayo ni glikoprotini ya vipande viwili: kimoja hushika galaktosi juu ya seli na kuingia nayo, cha pili huenda kukata kiwanda cha kutengenezea protini. Mafuta ya mbarika hayana shida hiyo kwa kuwa risini huyeyuka kwenye maji, siyo kwenye mafuta. Hubaki kwenye mashudu. Mashudu ya mbarika ambayo hayakupitishwa kwenye joto la kutosha wasipewe ng'ombe wala kuku.

Na ile ya maharage iliishia maabara. Watafiti walikuwa wakiitumia kutenganisha seli nyekundu na nyeupe, kwa kuwa nyekundu hushikana zikazama chini. Mwaka 1960 Peter Nowell, huko Philadelphia, aliona kwamba seli nyeupe zilizobaki zilikuwa zimeanza kugawanyika zenyewe. Lektini ilikuwa imezishika sukari zake na kuziamsha. Hadi leo ukipelekewa mtoto anayeshukiwa kuwa na tatizo la kromosomu, damu yake huwekwa kwenye chupa yenye fitohemaglutinini kwa nyuzi 37, mara nyingi saa 72, ndipo seli zigawanyike na kromosomu zionekane.

Kutoka hapo kwenda kwenye kundi la damu ni hatua moja. Karl Landsteiner aliyatambua makundi ya ABO jijini Vienna mwaka 1901, na kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba tofauti yote iko kwenye ncha ya tawi la sukari. Kila mtu, isipokuwa wachache sana, ana tawi liitwalo H, linaloishia na fukosi. Mwenye kundi A ana kimeng'enya kinachoongeza asetili-galaktosamini. Mwenye B anaongeza galaktosi. Mwenye AB anazo zote, na mwenye O hana kinachofanya kazi, kwa kawaida kwa sababu herufi moja tu imedondoka kwenye jeni na kimeng'enya kikatoka kikiwa kimekatika. Matawi hayo yako juu ya protini za seli nyekundu na juu ya mafuta ya utando wake vilevile. D ya Rh, ile tunayoandika kama chanya au hasi, haina sukari kabisa. Ni protini tupu. Watu huandika "O chanya" kana kwamba ni neno moja, kumbe ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Upimaji wenyewe kwenye kigae cheupe unahitaji vitu vichache na utulivu. Tone moja la kingamwili ya A, ya bluu. Tone la kingamwili ya B, ya njano. Tone la kingamwili ya D, isiyo na rangi. Pembeni ya kila moja tone dogo la damu. Changanya kila jozi kwa kijiti chake, tandaza duara la kama sentimita mbili, kisha inamisha kigae huku na huku polepole kwa dakika mbili. Damu iliyoshikana hugeuka punje nyekundu juu ya maji yaliyotakata. Isiyoshikana hubaki laini kama rangi iliyochanganywa vizuri.

Makosa yanajirudia kila mahali. Kijiti kimoja kikitumika kwenye matone mawili, A inageuka AB. Ukisoma dakika ya tano badala ya ya pili, kingo za tone zimekauka na zinaonekana kama punje. Tone la damu likiwa kubwa kupita kiasi, kingamwili haitoshi na mshikamano unaonekana dhaifu. Chumba au dawa ya kupimia ikiwa baridi sana, kingamwili za mgonjwa mwenyewe zinazopenda baridi hushikanisha kila kitu na kila mtu anakuwa AB. Chupa ya kingamwili iliyobaki mezani mchana kutwa bila jokofu hupoteza nguvu, na kinachotoka ni O za uongo, jambo ambalo ni gumu kulistukia kwa sababu O ndiyo kundi la wengi kwetu.

Kwa hiyo kigae peke yake hakitoshi kabla ya kumpa mtu damu. Majimaji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na seli za A na za B zinazojulikana. Mwenye O lazima ashikanishe zote mbili. Majibu ya pande mbili yasipokubaliana, unarudia. Kwa mtoto wa chini ya miezi minne kipimo hicho cha majimaji hakisomeki, maana kingamwili alizonazo ni za mama. Kisha ndipo damu ya mtoaji inalinganishwa na ya mpokeaji moja kwa moja, na hatua hii usiiruke hata kama makundi yamefanana. Kuna hali nadra iitwayo Bombay, iliyotambuliwa mwaka 1952, ambapo mtu hana hata lile tawi la H. Kwenye kigae anaonekana O. Ukimpa damu ya O, mwili wake unaishambulia, kwa sababu O ina H na yeye hana. Hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya India, hivyo maabara ya Mombasa, Dar au Muscat haipaswi kushangaa sana ikimpata mmoja. Anayeisoma H hiyo maabara ni lektini tena, kutoka kichaka cha Ulaya kiitwacho Ulex europaeus. Na kutofautisha A ya kawaida na A dhaifu hutumika lektini ya Dolichos biflorus, jamii ya kunde. Mbegu za shambani, zikifanya kazi ambayo kingamwili ya binadamu huifanya kwa tabu.

Vimelea vya malaria navyo ni wasomaji. Plasmodium falciparum ina protini inayotafuta asidi ya sialiki iliyoko kwenye glikoforini A, glikoprotini iliyojaa juu ya seli nyekundu, ili ipate pa kujishikilia kabla ya kuingia. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kuna watu wenye glikoforini ya mchanganyiko, nusu glikoforini B nusu glikoforini A, inayojulikana kama kundi la damu la Dantu. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hatari yao ya kupata malaria kali iko chini kwa karibu asilimia 40. Wengi walidhani ni suala la mlango kukosa kitasa. Mwaka 2020 ikaonekana pia kwamba utando wa seli zao umekazwa zaidi, kama ngoma iliyovutwa, na kimelea kinashindwa kuupinda ili kiingie. Naipenda habari hii kwa sababu inakataa maelezo mepesi: badiliko limetokea kwenye glikoprotini, lakini kinga inapita kwenye ukazaji wa utando mzima.

Kipimo cha mimba hakihitaji maabara, na ndicho kipimo cha glikoprotini kinachouzwa zaidi dukani. Homoni inayopimwa, hCG, ina minyororo miwili. Mmoja, alfa, ni uleule ulioko kwenye homoni nyingine tatu za mwili, kwa hiyo kingamwili ya kipimo hulenga mnyororo wa beta. Mwisho wa beta kuna mkia wenye matawi manne mafupi ya sukari, yale ya kwenye serini, na mkia huo ndio unaoifanya homoni ikae kwenye damu zaidi ya siku nzima ilhali ndugu yake LH (homoni ya kupevusha yai) hutoweka haraka. Vipimo vingi vya kijiti hushika kuanzia mIU 25 (elfu za kizio) kwa mililita moja. Kabla ya siku ya hedhi kuchelewa, kiwango huenda hakijafika hapo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi husaidia kwa kuwa haujachanganyika na maji mengi.

Soma ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika tatu hadi tano. Mstari wa kijivu unaotokea baada ya dakika 10 ni wa mkojo kukauka, usiuhesabu. Na kuna kosa la upande wa pili ambalo hata wahudumu hulisahau: hCG ikiwa nyingi mno, kama kwenye mimba zabibu, hujaza kingamwili za pande zote mbili za kijiti na mstari hautokei. Mwanamke ana dalili zote, kipimo kinasema hapana. Maabara huuchanganya mkojo na normal salini na kupima tena; jibu likigeuka kuwa chanya, hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Hapa niweke mpaka mmoja, maana huchanganywa sana. Hemoglobini A1c, ile wanayoiita sukari ya miezi mitatu, haiko kwenye familia hii kwa maana ya kweli. Hakuna kimeng'enya kilichoibandika; ni glukosi ya damu iliyojigandisha yenyewe kwenye hemoglobini, kwa kadiri ilivyokuwa nyingi na kwa kadiri seli ilivyoishi. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Mgonjwa wa selimundu seli zake hufa mapema sana, hazipati muda wa kugandiwa, na jibu lake linashuka hata kama sukari yake iko juu. Ile asilimia 6.5 inayotumika kutangaza kisukari haimfai. Apimwe glukosi ya damu moja kwa moja.

Sindano ya kuongeza damu kwa wanaosafishwa figo, erithropoietini, ni mfano ulio safi zaidi wa vazi kulinda dawa. Karibu asilimia 40 ya uzito wake ni sukari. Ncha zake zina asidi ya sialiki. Ukizing'oa ncha hizo, ini huitambua galaktosi iliyobaki wazi na kuiondoa dawa kwenye damu kwa dakika chache. Watengenezaji walipoongeza matawi kutoka matatu hadi matano wakapata darbepoetini, ambayo hukaa mwilini mara tatu zaidi. Itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigandishwe, na chupa isitikiswe. Kutikisa hukunjua protini na povu likionekana ujue kuna dawa imepotea. Tena kwa kuwa hutengenezwa na seli za panya wa aina ya hamsta, sukari zake hazilingani kabisa na za figo la mtu. Tofauti hiyo ndiyo inayowakamata wanariadha kwenye kipimo cha mkojo, ambacho kilianza kutumika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Sasa virusi. Kirusi hakina kiwanda cha sukari, kinavishwa na seli kilichoiteka, ndiyo maana vazi lake linafanana na letu na kinga huliangalia kama la nyumbani. Kirusi cha UKIMWI kimefika mbali kwenye mchezo huu: karibu nusu ya uzito wa gp120, glikoprotini yake ya juu, ni sukari, na kingamwili nyingi hugonga ngao hiyo bila kufika kwenye protini. Ni sababu mojawapo kubwa ya chanjo yake kushindikana kwa miongo yote hii.

Ebola ya Zaire ina glikoprotini moja tu ya juu, GP, na hutembea nayo kwa ujanja. Jeni yake ina mfululizo wa herufi A saba. Ikisomwa hivyo ilivyo, na mara nyingi husomwa hivyo, hutoka glikoprotini fupi inayomwagwa kwenye damu na kusaidia kuzishughulisha kingamwili. Kimeng'enya kikiteleza na kuongeza A ya nane, ndipo hutoka GP kamili ya kukaa juu ya kirusi. Juu ya GP hiyo kuna kichaka kizito cha sukari. Kirusi kikishamezwa na seli, vimeng'enya vya seli yenyewe hukifyeka kichaka, na chini yake panatokea mahali panaposhika protini ya ndani ya seli iitwayo NPC1. Hapo ndipo mlango unafunguka.

Dawa ya mAb114 ni kingamwili moja tu, iliyopatikana kwenye damu ya manusura wa mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, na hushika mahali palepale pa NPC1. Mwenzake, REGN-EB3, ni kingamwili tatu kwa pamoja. Zilijaribiwa mashariki ya Kongo kuanzia Novemba 2018, kwa wagonjwa 681, pamoja na remdesivir (dawa ya kuzuia kirusi kuzaliana) na ZMapp (mchanganyiko mwingine wa kingamwili tatu). Baada ya siku 28 vifo vilikuwa asilimia 35.1 kwa mAb114 na 33.5 kwa REGN-EB3, dhidi ya 49.7 kwa ZMapp na 53.1 kwa remdesivir. Zote mbili za mwanzo hutolewa mara moja kwa dripu. mAb114 kwa miligramu 50 kwa kila kilo ya mgonjwa. ZMapp ilihitaji dripu tatu, siku tatu tatu.

ZMapp ilikuwa na jambo lake lakini: ilikuzwa kwenye majani ya tumbaku ya aina ya Nicotiana benthamiana. Kingamwili nayo ni glikoprotini, ina tawi la sukari kwenye asparajini ya 297 ya kila mnyororo mzito, na mmea hulivisha tawi hilo zailosi na fukosi ya namna ambayo mwili wa mtu hauijui. Ikabidi tumbaku yenyewe ibadilishwe, vimeng'enya hivyo vizimwe. Kumbe kuikosa fukosi kuna faida: seli za kinga hushika mguu wa kingamwili kwa nguvu zaidi. ZMapp ilishindwa na zile kingamwili nyingine, lakini si haki kuilaumu tumbaku. Kingamwili zake zilichaguliwa mapema, na zile mbili zilizoshinda zilishika mahali pazuri zaidi na ziliingia mwilini zote siku ya kwanza.

Chanjo ya Ervebo imejengwa juu ya GP hiyohiyo. Kirusi cha mifugo kinachoitwa VSV kimenyang'anywa glikoprotini yake na kuvishwa ya Ebola ya Zaire. Dozi ni mililita moja, sindano moja. Hutunzwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ikishayeyushwa hukaa siku 14 kwenye jokofu la kawaida, au saa nne tu nje, na hairudishwi kugandishwa. Mlipuko wa Kivu na Ituri wa 2018 hadi 2020, uliokuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, ndio uliotumia chanjo hii kwa wingi kuliko wakati wowote kabla, watu zaidi ya 300,000.

Lakini chanjo hiyo imesoma GP ya Zaire peke yake. Uganda mwaka 2022 ilikuwa Ebola ya Sudan, Kagera mwaka 2023 na tena 2025 ilikuwa Marburg (kirusi jamaa ya Ebola), Rwanda mwaka 2024 Marburg vilevile. Aliyechanjwa Goma hana kinga ya kutegemea kwenye lolote kati ya hayo.

Tena aliyechanjwa huchanganya vipimo. Kirusi cha chanjo kina jeni ya GP, na kingamwili zake ni za GP, kwa hiyo kipimo chochote kinachotafuta GP kinaweza kusema chanya kwa mtu mzima wa afya. GeneXpert, mashine ya kusoma jeni iliyotumika Kivu, husoma jeni mbili, GP na NP (protini ya ndani ya kirusi). Mtu aliyechanjwa siku chache zilizopita akipata homa (na homa ni kawaida baada ya chanjo hii), GP chanya na NP hasi huelekea kuwa ni chanjo, ingawa hurudiwa kupimwa kabla ya kumruhusu. NP ikiwa chanya ni mgonjwa, kwa kuwa chanjo haina NP. Anayechukua sampuli aandike tarehe ya chanjo kwenye fomu, juu, mahali pa kuonekana.